Chungu, Sokwe na Ndugu wa Kabila Jingine

Soma kwa somo hili: Mithali 6:6-8, Mwanzo 1:24-28, 9:6, Matendo 10:28, 17:26, Warumi 8:20-22, Wagalatia 2:11-14.

Posa imeletwa. Kijana ni Mwadventista aliyebatizwa, ana kazi, na mwenendo wake unajulikana kwa mzee wa kanisa na kwa mchungaji wa mtaa. Binti amemkubali. Lakini ndugu wa binti wamekaa kimya, na kila aliyemo chumbani anauelewa ukimya huo: kijana si wa kabila lao. Mwishowe baba mdogo anakohoa, anasema ndege wafananao huruka pamoja. Shangazi anaongeza kwamba hata simba hawamkaribishi simba mgeni, na Mungu ndiye aliyewaumba hivyo. Chai inanywewa, posa inaahirishwa mpaka siku isiyotajwa, na hakuna aliyetamka neno baya.

Mambo ya namna hii hutokea katika nyumba ambamo lesoni husomwa kila asubuhi. Hutokea pia katika kamati ya uchaguzi, jina la mtu linapopita haraka kwa sababu lina herufi za upande wa pili wa mto. Ajabu ni kwamba wanaofanya hivyo mara nyingi hawatafuti fungu la Biblia la kuwaunga mkono. Hutafuta mnyama. Husema maumbile yenyewe ndivyo yalivyo. Basi inafaa kuuliza: je, jinsi wanyama wanavyoishi pamoja ni sheria kwa mwanadamu? Na kama si sheria, Biblia inapomtuma mwanadamu kwa wanyama inamtuma kutafuta nini?

Maana ni kweli inamtuma. Mvivu huelekezwa kwa chungu (Mithali 6:6-8). Ayubu anamwambia rafiki yake awaulize wanyama na ndege (Ayubu 12:7). Yeremia anawaaibisha watu wa Yuda kwa korongo na mbayuwayu, ambao wanajua majira yao huku watu hawaijui hukumu ya Bwana wao (Yeremia 8:7). Yesu mwenyewe aliwaambia wenye wasiwasi wawatazame ndege (Mathayo 6:26). Hakuna ubaya kwa mkulima au mwalimu kujifunza kwa viumbe hawa.

Lakini angalia Sulemani anachukua nini kwa chungu. Anachukua bidii, na kuweka akiba wakati wa mavuno. Anasema pia kwamba chungu hawana msimamizi wala mkuu, na katika hili waliochunguza wadudu hao wameona vivyo hivyo: malkia wa chungu hatoi amri kwa mtu. Kazi yake ni kutaga mayai. Vibarua, ambao wote ni majike, hufanya kila mmoja kazi iliyo mbele yake, na kwa kugusana na kunusana kazi ya kichuguu kizima inakwenda.

Huko kunusana kuna upande mwingine ambao Sulemani hakuutaja katika fungu lile. Kila kichuguu kina harufu yake. Chungu akikutana na chungu, humgusa kwa vipapasio, na akigundua harufu si ya nyumbani, mara nyingi humshambulia, hata kama ni wa aina ile ile na ametoka hatua chache tu upande wa pili wa njia. Hamuulizi amekuja kwa nia gani. Kuna hata chungu wa Ulaya na Marekani wanaovamia vichuguu vya wenzao, wakabeba watoto walio bado katika vifuko, na watoto hao wakikua huwafanyia kazi wavamizi maisha yao yote. Mvivu ametumwa kwa chungu ajifunze bidii. Hakutumwa akajifunze kunusa watu mlangoni, wala kuteka watoto. Anayekwenda kwa chungu tayari amebeba kipimo mkononi, nacho ndicho kinachomwezesha kusema hili ni jema, na lile tuliache kichuguuni.

Shangazi naye hakusema uongo kuhusu simba. Madume mageni yakifanikiwa kulitwaa kundi, mara nyingi huwaua watoto wadogo waliozaliwa na madume yaliyotangulia, ili majike yapate mimba upya mapema. Hayo yameonekana Serengeti kwa miaka mingi. Katika kikao cha posa hakuna aliyetaka somo la simba liendelee mpaka hapo.

Mahali ambapo swali hili limekuwa zito kuliko pote pako Tanzania, katika vilima vya Gombe, kaskazini ya Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Jane Goodall alifika huko Julai 1960, akiwa na mama yake, kuwatazama sokwe. Baada ya miezi michache aliona jambo lililowashangaza wasomi: sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard alichukua ubua wa nyasi, akautumbukiza katika kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akala. Akamwona pia akipukusa majani ya kijiti ili kifae kwa kazi hiyo. Mpaka siku hizo watu wengi walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ni alama ya mwanadamu peke yake. Kisha ikaonekana kwamba sokwe hukumbatiana, hupatana baada ya kugombana, na huomboleza kwa namna yao. Sokwe jike aliyeitwa Flo alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint, wa miaka kama minane, aliacha kula, akajikunja karibu na mahali alipofia mama yake, na baada ya wiki chache naye akafa.

Halafu ikaja vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi moja la sokwe liligawanyika. Wachache walihamia kusini, wakaitwa kundi la Kahama, na waliobaki wakaitwa Kasakela, kwa majina ya mabonde yao. Kuanzia mwaka 1974 madume ya Kasakela yalianza kuvuka mpaka kimya kimya, kwa mstari, bila kulia wala kupiga kelele kama ilivyo desturi yao. Yalipomkuta dume wa Kahama peke yake yalimkamata, yakamshikilia chini na kumpiga na kumuuma mpaka akaachwa hoi. Mmoja wa waliouawa alikuwa Goliath, aliyekuwa kinara wa kundi zima katika siku za kwanza za Goodall. Alikuwa amezeeka. Waliomuua walikuwa wamekula naye na kuchambuana naye manyoya kwa miaka. Kufikia mwaka 1978 hakuna dume wa Kahama aliyebaki hai.

Baadhi ya wasomi walisema sababu ni ndizi ambazo watafiti waliwapa sokwe wale ili wawazoee. Lakini mwaka 2014 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha makundi 18 ya sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, nao ukaonyesha kwamba mauaji ya namna hiyo hayakutegemea jinsi watu walivyowaingilia. Ndivyo sokwe wanavyofanya wakati mwingine. Goodall aliyetaka kuamini kwamba wao ni wema kuliko watu aliiona habari hiyo kuwa chungu kuimeza.

Hata hivyo ni katika vilima vile vile, mwaka 1987, ugonjwa wa mapafu ulipoua sokwe wengi, mtoto wa miaka kama mitatu aliyeitwa Mel alibaki bila mama wala kaka wala dada. Alikuwa dhaifu, na watafiti walitazamia kufa kwake. Akachukuliwa na Spindle, dume kijana wa miaka kama 12, asiye na undugu naye wa karibu. Spindle alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akalala naye katika kiota chake, na alipotokea dume mwenye hasira alimkimbilia mtoto na kumwondoa, ingawa yeye mwenyewe alipigwa. Mel akaishi.

Sasa ni yupi kati ya hao anayesema kwa niaba ya maumbile? Aliyemuua Goliath au aliyembeba Mel? Ukivuka Mto Kongo kwenda kusini, katika misitu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna bonobo, wanaofanana sana na sokwe. Kwao majike ndio wenye usemi, na makundi mawili yakikutana msituni mara nyingi hukaa pamoja, watoto wakacheza, na hata chakula kikagawanywa. Mwenye kutaka sababu ya kumfukuza mgeni ataipata Gombe. Mwenye kutaka sababu ya kumkaribisha ataipata ng'ambo ya Kongo. Kila mmoja atarudi nyumbani na kile alichokuwa amekwisha kukiamua kabla hajaingia msituni.

Mkristo anayo maelezo kwa nini msitu una sauti mbili. Soma Mwanzo 1:29-31 na Warumi 8:20-22. Paulo anauona uumbaji wote ukiugua kama mwanamke mwenye utungu. Basi kinachoonekana leo kwa wanyama si picha safi ya mawazo ya Muumbaji, bali ni picha iliyochafuliwa, ambayo wema wa kwanza bado unaonekana ndani yake. Lakini hata asiyekubali maelezo haya, anayesema kwamba ukatili wa sokwe ulitokana na ushindani wa miaka mingi, hapati humo amri yoyote. Kujua jambo lilianzaje si kujua kama ni haki. Ndui nayo ilikuwa ya asili, na watu walifanya vema walipoiondoa duniani.

Hapa kijana wa kidato cha nne ana swali lake. Amefundishwa darasani juu ya Oldupai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu mashuhuri mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zilizochimbuliwa katika miaka ya 1970. Amefundishwa kwamba binadamu na sokwe wana nasaba moja ya kale. Kanisani amefundishwa Mwanzo sura ya kwanza na ya pili. Wazee wengine humjibu kwa ukali, wengine humwambia aandike ya mwalimu kwenye mtihani na kuamini ya kanisa moyoni. Jibu hili la pili halimfai. Linamzoeza kuwa na ndimi mbili. Kanisa hili linaamini kwamba mwanadamu aliumbwa na Mungu kwa mfano wake, wala halina haja ya kuficha imani hiyo, wala ya kuwatukana walimu. Ila kijana aelezwe pia kwamba kumkiri Muumbaji kwa kinywa hakujapata kumzuia mtu kumdharau jirani. Historia ya jambo hili haiko upande mmoja.

Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden, aliyemheshimu Muumbaji na kuona kazi yake kuwa ni kuorodhesha viumbe vyake, aliwagawa wanadamu katika mafungu manne kwa mabara yao. Katika fungu la Ulaya aliandika tabia njema, na katika la Afrika akaandika uvivu na ujanja. Karne iliyofuata Louis Agassiz, profesa wa Harvard, alifundisha kwamba watu weusi na weupe waliumbwa mbali mbali, kila jamii mahali pake. Agassiz alimpinga Darwin mpaka kufa. Darwin kwa upande wake aliuchukia utumwa, na katika kitabu chake cha 1871 alitetea kwamba wanadamu wote ni wa aina moja. Lakini humo humo aliandika kwamba mataifa yaliyostaarabika yangekuja kuwafuta wale aliowaita washenzi, bila kuonekana kuhuzunika sana. Mwanadamu mwenye kiburi hupata kiti katika kila darasa.

Ona lililompata Ota Benga. Alikuwa kijana kutoka misitu ya Kongo, mfupi wa kimo, wa wale ambao wengine waliwaita mbilikimo, na meno yake yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao. Mmarekani mmoja alimchukua mpaka kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Septemba 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Kibao kilitaja umri wake, kimo chake na uzito wake, kama vinavyotajwa vya mnyama. Watu walikuja kwa maelfu, wakacheka, wakamsukuma. Wachungaji weusi wa Kibaptisti wa mji ule, wakiongozwa na James Gordon aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya yatima, walikwenda kupinga. Walisema kwamba yule ni mwanadamu mwenye nafsi, na kwamba watu wao walikuwa wamekwisha kudhalilishwa vya kutosha. Mwishowe akatolewa, akapelekwa kwenye nyumba ile ya yatima, kisha Lynchburg, Virginia, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Alitamani kurudi kwao. Vita vilipofunga njia za bahari tumaini hilo likafifia, na Machi 1916 alijiua kwa risasi. Taasisi inayoendesha bustani ile iliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Wageni wa bustani ile wengi wao walikuwa watu wa kwenda kanisani. Walijua Mwanzo 1. Hawakuwa wameona kwamba sura ile inaposema juu ya miti, samaki, ndege na wanyama, hurudia tena na tena kwamba kila mmoja ni kwa jinsi yake. Lakini inapofika kwa mwanadamu, neno hilo halipo. Hakuna jinsi za watu. Kuna mwanamume na mwanamke, na mfano wa Mungu. Baada ya gharika damu ya mwanadamu inalindwa kwa sababu hiyo hiyo, bila kutaja taifa (Mwanzo 9:6). Na Paulo, akisimama Athene mbele ya watu waliojivunia kuwa wamechipuka katika ardhi yao wenyewe, aliwaambia kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja (Matendo 17:26).

Maabara za leo, ambazo hazikujengwa ili kumsaidia Paulo, zinasema nini juu ya hili? Ukiwachukua watu wawili wowote duniani na kulinganisha maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe zao, watatofautiana kwa takriban herufi moja katika kila elfu. Mwaka 1972 Richard Lewontin alipima tofauti hizo, akakuta kwamba sehemu kubwa, kama asilimia 85, imo ndani ya jamii moja moja, yaani kati ya jirani na jirani. Rangi ya ngozi, ambayo watu wameifanya ukuta, inahusiana sana na ukali wa jua: weusi hulinda mwili pale jua linapochoma, na weupe husaidia mwili kujitengenezea vitamini D pale jua linapokuwa hafifu. Afrika peke yake ina tofauti nyingi za urithi kuliko mabara mengine.

Muuguzi wa benki ya damu hahitaji kusoma hayo yote. Tangu Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu mwaka 1901, inajulikana kwamba ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza wasifae kuchangiana, huku mtu wa nchi asiyoijua akifaa kabisa. Mfuko wa damu unaandikwa kundi. Hauandikwi kabila. Baba mdogo yule wa posa, akilazwa usiku kwa ajali ya barabarani, hataulizia.

Lakini kuna habari ambayo kanisa hili haliwezi kuipita. Kwa miaka mingi Wakristo wengi walifundisha kwamba laana ya Hamu ndiyo iliyomfanya Mwafrika mtumwa, ingawa anayesoma Mwanzo 9:25 ataona kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani. Katika karne ya 19 Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliandika dhana nyingine: kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa jamii bora iliyotoka kaskazini. Rwanda, ambako Wahutu na Watutsi walisema lugha moja na kuishi kilima kimoja, wakoloni wa Kibelgiji waliichukua dhana hiyo, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Mugonero, juu ya Ziwa Kivu, kulikuwa na kanisa la Waadventista, hospitali na shule ya wauguzi. Watutsi kwa maelfu walikimbilia hapo. Wachungaji waliokuwa miongoni mwao walimwandikia barua kiongozi wa kanisa wa eneo lile wakimwomba awasaidie. Washambuliaji walikuja tarehe 16 Aprili. Ilikuwa Sabato. Februari 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani kiongozi huyo, mchungaji wa miaka mingi, na kumhukumu kifungo cha miaka 10. Mwanawe, aliyekuwa daktari wa hospitali ile, alihukumiwa miaka 25. Hawakuwa watu waliofundishwa kwamba mwanadamu ametokana na nyani. Walifundisha Mwanzo 1. Na siku zile zile, Kigali, Mwadventista mwingine, Carl Wilkens wa shirika la misaada la ADRA, alikataa kuondoka pamoja na Wamarekani wenzake, akabaki kuwapelekea watoto yatima maji na chakula, na akasaidia kuokoa maisha yao.

Basi fundisho sahihi juu ya asili ya mwanadamu, likiwa limeandikwa kwenye karatasi ya imani tu, halimlindi jirani. Petro ni shahidi. Soma Matendo 10:28, kisha Wagalatia 2:11-14. Huyu ndiye aliyeoneshwa maono ya nguo iliyojaa wanyama, na akaelewa vema kwamba habari haikuwa ya wanyama bali ya watu: asimwite mtu yeyote najisi. Aliingia nyumbani kwa Kornelio kwa ushuhuda huo. Miaka kadhaa baadaye, Antiokia, alikuwa akila na ndugu wa mataifa mpaka wageni walipofika kutoka kwa Yakobo. Hapo akaanza kujitenga kidogo kidogo. Hakutoa hotuba ya kukana maono yake. Alihamia meza nyingine tu, na Barnaba akamfuata, na Wayahudi wengine nao, na katika chumba kile cha ndugu pakawa na pande mbili.

Paulo alimkabili uso kwa uso, mbele ya watu wote, kwa sababu kosa lenyewe lilifanyika mbele ya watu wote. Anaandika maneno aliyomwambia. Haandiki Petro alijibu nini, wala haandiki kama siku ile ile alisimama akarudi kwenye meza aliyokuwa ameiacha.